Umaskini wetu si laana: tuulize shamba, franga na bariere



Siku ya Mungu moja, baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alitungojea kwenye mlango wa ofisi ya parokia. Asubuhi ile mhubiri mgeni alikuwa amefundisha kwamba mtu aliyeokoka hawezi kudumu katika umaskini. Akidumu humo, basi kuna dhambi aliyoificha ao laana ya ukoo ambayo haijavunjwa. Mama huyu hakuja kuomba msaada. Alikuja na swali. «Pasta, mimi niliungama yote niliyoyajua. Ni dhambi gani tena imebaki?»

Hatukuwa na jibu la haraka. Na jambo lililotuchoma zaidi ni kwamba wakati mhubiri alipokuwa anasema maneno yale, sisi wenyewe tulikuwa tumekaa mbele na kuitikia Amina kwa sauti kubwa.

Tulimkaribisha aketi. Badala ya kutafuta dhambi, tulimwomba atueleze maisha yake. Alizaliwa Walungu. Yeye na mume wake walilima shamba la bwasa, yaani shamba la kukopeshwa kwa msimu, wakimlipa mwenye shamba kwa mazao na kwa siku za kazi. Mwenye shamba alipofariki, mtoto wake aliliuza kwa mtu wa mjini aliyetaka kupanda miti. Hawakuwa na karatasi yoyote, kwa hiyo hawakuwa na la kusema. Mume akaenda kuchimba dhahabu. Alirudi na kikohozi, akafa. Mama akashuka Bukavu na watoto wake. Tangu hapo anabeba mizigo: gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka kando ya ziwa mpaka juu kwenye soko la Kadutu. Watoto wawili wamekwisha kuacha shule. Na tangu benki zilipofunga milango, wafanyabiashara wanaingiza mizigo michache, na yeye anapata safari chache.

Tulipomaliza kusikiliza, tuliona jambo moja. Katika kila kituo cha maisha yake kulikuwa na mtu mwingine aliyeamua: kuhusu shamba, kuhusu bei ya dahabu, kuhusu karo ya shule, kuhusu vita na benki. Yeye alichoamua ni kuamka saa kumi ya usiku na kufanya kazi. Basi makala hii ni jibu letu kwake, na ni toba yetu pia.

Matabaka yapo, hata kama hatuyataji

Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 karibu Wakongomani 3 kati ya 4 waliishi kwa chini ya dola 2 na senti 15 kwa siku. Laana ya ukoo inayowapata watu 3 kati ya 4, wa makabila yote na wa makanisa yote, si laana ya ukoo tena. Ni namna ambayo nchi imepangwa.

Katika miji yetu hatupendi neno «matabaka». Tunasema wakubwa na wadogo, wenye kitu na wasio na kitu. Lakini ukitaka kuyaona matabaka, usihesabu nguo wala simu. Uliza swali moja: mtu huyu asipofanya kazi leo, kesho watoto wake watakula?

Kuna kwanza wale wenye sertifika ya udongo, nyumba za kupangisha na depo za bidhaa. Vita inaweza kuwatikisa, lakini kodi ya nyumba inaendelea kuingia, tena kwa dola. Kuna wale wanaolipwa kila mwezi na mashirika ya misaada ao makampuni. Hao wanaonekana kuwa juu, lakini wako juu ya ngazi ya kuazima: Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, wengi walipoteza kazi Goma na Bukavu kwa barua moja. Kuna watumishi wa Leta, walimu na wauguzi na wengine, wenye jina la mshahara kuliko mshahara wenyewe. Na kuna wengi kuliko wote: wabeba mizigo, wasukuma chukudu, wamotari wa pikipiki isiyo yao, mama wanaouza nyanya kwenye sahani, wachimbaji, wakulima wasio na shamba. Hao wanakula jasho la siku ile ile. Siku ya mvua, siku ya ugonjwa, siku ya risasi, sufuria haipandi motoni.

Tofauti kati ya tabaka la kwanza na la mwisho si bidii. Nenda Kadutu, Virunga ao Kituku kabla jua halijachomoza uone ni nani amekwisha kuamka.

Shamba: karatasi iliyowahi kufika kwa mwingine

Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Mfalme Leopold II ilitangaza kwamba udongo usio na mwenyewe ni mali ya serikali. Kwa macho ya mgeni, kilima kilichopumzishwa hakikuwa na mwenyewe. Kwa wazee wetu kilikuwa naye: ukoo uliokilima, na mwami aliyekigawa. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka juu ya udongo mwingi wa huku kwetu. Walowezi wakapanda kahawa, chai, kinini na pareto kwenye vilima vizuri, na watu wa vilima hivyo wakawa vibarua juu ya udongo wa baba zao.

Uhuru ulipokuja, mashamba makubwa hayakurudi kwa wakulima. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianisation, na mali za wageni zikagawanywa kwa Wazaire, hasa kwa wale waliokuwa karibu na utawala. Miezi michache kabla ya hapo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilikuwa imesema kwamba udongo wote ni wa Leta. Kuhusu udongo wa desturi, sheria hiyo iliahidi amri ya Rais itakayopanga haki za wanaoulima. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka.

Matokeo yake tunayaona kila wiki katika mabaraza ya kanisa. Mkulima anakaa juu ya udongo ambao desturi inasema ni wake na sheria inasema ni wa Leta. Katikati ya hayo mawili anapita mtu anayejua njia ya ofisi ya kadasta, mwenye franga za kulipia vipimo na mihuri. Katika Bushi, zamani mtu alitoa ng'ombe wa kalinzi, na udongo ukabaki kwa uzao wake. Bwasa ilikuwa ya muda tu. Udongo ulipoanza kuuzwa kwa karatasi, watu wa bwasa ndio waliotangulia kufukuzwa, na hata wenye kalinzi walishangaa kusikia kwamba kilima chao kimekwisha kuandikwa kwa jina la mtu wa mjini. Masisi nako mkulima anaangalia ng'ombe wakila majani ndani ya ua, naye anafanya siku za kazi bila malipo ili akopeshwe pembe ya kupanda maharagwe. Watu wakisha kukosa shamba, kijana anaitwa kwa urahisi na mwenye bunduki. Umaskini wa udongo na vita vyetu ni ndugu wa tumbo moja.

Franga: chujio linalowaacha wadogo

Wazee wetu wanakumbuka uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993. Wanakumbuka pia mwaka 1993 noti mpya ilipokuja: zaire 3,000,000 za zamani kwa zaire mpya 1. Miaka mitano baadaye, mwaka 1998, ikaja franga ya Kongo: zaire mpya 100,000 kwa franga 1. Mwalimu aliyeweka akiba benki kwa miaka 20 aliona akiba yake ikiyeyuka kama chumvi katika maji. Mwenye nyumba alibaki na nyumba. Mwenye bidhaa alibaki na bidhaa. Mwenye dola alizidi kuwa nazo. Hakuna aliyeomba vizuri zaidi ya mwingine; lilikuwa chujio, na matundu yake yaliwaangusha wadogo.

Chujio hilo linaendelea. Kodi ya nyumba inadaiwa kwa dola, lakini mbeba mizigo analipwa kwa franga. Dola ikipanda, ni yeye anayelipa tofauti. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifungwa. Mwenye ndugu ng'ambo alipokea pesa kwa simu, lakini ili kuzishika mkononi alikatwa na wakala. Noti ya dola iliyochanika kidogo ikakataliwa ao ikapunguzwa thamani. Mtu mkubwa alituma gari lake ng'ambo ya mpaka kuchukua pesa. Mama wa sahani ya nyanya alienda kwa mkopeshaji, yule tunayemwita Banque Lambert, akachukua mtaji kwa riba ambayo hata mfanyabiashara mkubwa asingeiweza. Jambo hili tulitafakari vizuri: maskini ananunua kila kitu kwa bei ya juu kuliko tajiri. Ananunua makala kwa kopo, mafuta kwa kijiko, na pesa zenyewe kwa riba.

Shule: benchi linalorithisha

Hapa inatupasa kusema kwa unyenyekevu, kwa sababu shule ni nyumba yetu. Mwaka 1974 Leta ilichukua shule za makanisa; tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mkataba na makanisa na kuturudishia usimamizi wake. Mishahara ilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walikubali kuwalipa walimu sehemu fulani ili shule zisifungwe. Ilikuwa ni bandeji ya kidonda cha muda. Ikakaa karibu miaka 30. Na pesa za wazazi hazikuishia kwa mwalimu: fungu moja lilipanda kwa wakurugenzi, jingine kwa ofisi za Leta, jingine kwa ofisi zetu za kanisa. Watoto waliofukuzwa kwa sababu ya minervali walifukuzwa kwenye shule zenye jina la kanisa ukutani.

Mwaka 2019 Leta ilitangaza elimu ya bure katika shule za msingi za umma. Tulishukuru Mungu, na bado tunashukuru. Lakini madarasa yalijaa kuliko mabenchi, na walimu wengi walibaki bila kuingizwa katika orodha ya mishahara. Shule ya sekondari inaendelea kulipiwa. Kwa hiyo mtoto wa mbeba mizigo anasoma katika darasa la watoto wengi mno, na mara nyingi anasimama darasa la sita. Mtoto wa mwenye depo anasoma shule ya binafsi, kisha anapelekwa Kampala ao Kigali. Tabaka halirithiwi kwa damu. Linarithiwa kwa benchi.

Barabara na vita

Kati ya shamba na soko kuna bariere. Watafiti wa IPIS walipohesabu, katika ripoti yao ya mwaka 2017 walionyesha karibu bariere 800 katika Kivu mbili, za watu wa Leta na za makundi ya silaha. Dereva analipa, mnunuzi anakata bei, na anayebeba mzigo wote mwishoni ni mkulima, ingawa yeye hakuiona bariere. Ndiyo maana gunia la mihogo ni rahisi kijijini na ghali mjini, na mkulima na mlaji wote wawili ni maskini. Faida imebaki njiani.

Tazameni pia Rubaya. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 15 ya tantalumu ya dunia inatoka katika koltani ya vilima vile. Mabadiliko ya walioshika kilima hayakubadilisha mgongo wa mchimbaji. Anachimba kwa mikono, anauza kwa bei aliyoambiwa, na mashimo yameporomoka zaidi ya mara moja na kuzika watu. Wakati huohuo, kambi za wakimbizi wa ndani kuzunguka Goma zilivunjwa Februari 2025, na watu waliambiwa warudi kwenye vijiji ambako shamba limeota majani na nyumba haipo. Mtu aliyepoteza mbegu, mbuzi na jembe mara tatu katika miaka mitatu hahitaji kufundishwa bidii.

«Lakini Pasta, kuna wavivu»

Ndiyo, wapo. Tumezika vijana waliouawa na kanyanga. Tunajua baba anayekula franga za nyumba baa na kuwaacha watoto na njaa. Biblia inamkemea mvivu, na sisi tutaendelea kumkemea. Lakini tuangalie haki ya hukumu yetu. Mtoto wa tajiri naye anakunywa. Anagonga gari, anaacha chuo, anaharibu mtaji, na nyumba ya baba yake haianguki. Anapewa mtaji wa pili na wa tatu. Maskini akikosea mara moja, ao akiugua mara moja, mlango unafungwa. Dhambi ni za wote. Tofauti ni nani ana mto wa kuangukia.

Tukumbuke pia kwamba nabii Amosi hakuwaendea maskini kuwauliza laana zao. Aliwaendea wenye mizani ya uongo. Na Nabothi, katika 1 Wafalme sura ya 21, hakupoteza shamba lake kwa uvivu: alilipoteza kwa barua iliyotiwa muhuri wa mfalme. Torati yenyewe, katika Walawi sura ya 25, ilijua kwamba udongo utawakusanyikia wachache, ikaweka mwaka wa kuurudisha.

Kioo cha kanisa

Sasa tujitazame. Katika parokia zetu nyingi kuna viti vya plastiki mbele na mabenchi nyuma, na kila mtu anajua mahali pake bila kuambiwa. Wakati wa makusanyo tunawaita kwanza wenye dola 100, kisha wa 50, kisha 20, na mwishoni tunasema «wengine wote». Yakobo sura ya 2 imeandikwa kwa ajili ya asubuhi kama hizo. Pasta wa kijijini analipwa kwa maharagwe, na ofisi ya mjini ina gari. Na hili ni zito zaidi: baadhi ya jumuiya zetu zina konsesio kubwa zilizotoka kwa wamisionari. Juu ya udongo huo wanalima waamini wetu, msimu baada ya msimu, bila karatasi, wakiweza kuondolewa na uamuzi wa kamati moja. Katika sheria sisi ni yule mwenye shamba wa Walungu.

Tunapendekeza basi mambo yaliyo katika uwezo wetu, bila kungoja amani ya makubaliano makubwa.

Kwanza, kila parokia yenye udongo iandike orodha ya wanaoulima, na iwape mkataba wa maandishi wa misimu kadhaa, wenye jina la mume na la mke. Mjane asifukuzwe kwa sababu jina lake halikuandikwa.

Pili, hesabu za diakonia zisomwe mbele ya kanisa zima: ni kiasi gani kiliingia, ni kiasi gani kilifika kwa mgonjwa na yatima. Kisichosomwa hakijulikani.

Tatu, tuimarishe MUSO na likelemba za akina mama, na mtumishi yeyote wa kanisa anayekopesha kwa riba ya kunyonya akemewe kama tunavyomkemea mzinzi.

Nne, kila shule yenye jina letu itoe kwa baraza la parokia orodha ya watoto waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa. Baraza lisome majina kabla ya kusoma ripoti ya jengo.

Tano, tuseme na wenye mamlaka, wowote wale walioshika mahali tulipo, kuhusu bariere na kodi za njiani. Hilo si kuingia upande wa mtu. Ni kuchunga kondoo.

Na mwisho, tunyamazishe mimbarani mafundisho ya laana yanayomkuta mtu akiwa amechoka na kumwongezea mzigo wa aibu. Mhubiri anayetaka kueleza umaskini wa mtu, aketi naye kwanza saa moja.

Wiki mbili baadaye tulimtembelea yule mama nyumbani kwake. Tulimwambia wazi: «Mama, hakuna dhambi iliyobaki. Tulikukosea siku ile kwa Amina yetu.» Alinyamaza muda mrefu, akikunja kamba yake ya kubebea. Kisha akasema: «Basi, Pasta, kama siyo mimi, ni nani?»

Kamati ya parokia yetu itakaa mwezi huu juu ya shamba letu lililo nyuma ya kanisa na familia zinazolilima. Kuna wazee wanaotaka liuzwe ili tumalize paa. Tumeomba kwamba mama huyu aalikwe kikaoni, aulize swali lake mwenyewe kabla hatujapiga kura. Nanyi, katika parokia zenu, mwalikeni wa kwenu.